UZI: Nilimuua mhusika wangu sehemu ya 9 na hakuna aliyelia, nyanya yangu ndo kanionyesha kwanini

#1 MwanaMajengo (mwenye uzi)

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Huu uzi utakua mrefu kwaivo mwenye chai yake aiweke karibu.

Mimi naandika hadithi za sehemu sehemu, natuma kwenye grupu la WhatsApp, mwaka wa tatu sasa. Wasomaji wangu wengi ni wa huku huku Mombasa, Majengo, Kisauni, Tudor, Likoni, na wengine wako Ghuba kikazi, hawa husoma usiku wakishamaliza kazi za watu. Hadithi ninayoendelea nayo saa hizi ni ya mama mmoja nimempa jina Mwanakombo, akaa Timbwani, asubuhi auza mahamri na mbaazi, mumewe Shee ni mvuvi. Sehemu ya 9 Shee alitoka na mashua hakurudi.

Ile sehemu niliifanyia kazi siku nne nzima. Wallahi nililia mimi mwenyewe nikiiandika. Nikaituma Alhamisi baada ya isha nikaeka simu chini nikawa nangojea, manake nilijua usiku huo hapatalalika. Zikaja komenti. "Inaendelea lini?" "Leo fupi." Mmoja akaeka dole gumba. Bas.

Iliniuma sana. Mtu nimekaa naye kichwani miezi mitano, nimemuua mumewe, na watu wanauliza inaendelea lini kama wanaongojea matatu stejini.

Hii hapa ndo niliyokua nimeandika, nawaekea kama ilivyokua:

*"Mwanakombo alianguka chini akalia kwa uchungu usio na kifani. Machozi yalimtiririka njia mbili mbili mithili ya mto uliofurika. Moyo wake ulipasuka vipande vipande. 'Kwa nini mimi, ewe dunia katili!' alipiga mayowe. Alihisi huzuni ambayo hajawahi kuihisi maishani mwake."*

Kesho yake ni Ijumaa. Nyanya yangu macho hayamsaidii tena kwa maandishi, kwaivo Ijumaa baada ya swala humsomea. Alikua kakaa kibarazani na uteo mapajani achagua mchele. Nikasoma. Pale Mwanakombo anapoanguka, vidole vya nyanya viliendelea tu, chuya huku, kijiwe kule, hata uso hakuinua. Nikaendelea. Sasa mbele kidogo kuna sentensi ambayo mimi niliieka ili mtu ajue tu kwamba usiku umeingia, ya ule usiku wa kwanza kabla habari hazijafika, yasema "Mwanakombo alipakua, akaifinika sahani ya Shee kwa kawa, akaenda kulala."

Mikono ikasimama juu ya mchele.

Akaniuliza, "Alimuekea kichwa ama mkia?"

Nikasema nani nyanya. "Huyo mke. Ile sahani chini ya kawa, samaki, alimuekea kichwa ama mkia?"

Sikua najua. Nikamwambia sijaandika. Akanitizama akasema, "Mjukuu wangu, wamuua mume wa mtu na hujui mkewe humpakulia nini?" Hakusema kwa ukali. Akarudi kwa mchele wake polepole, alafu akanihadithia kitu ambacho miaka yote sijawahi kukisikia, kwamba babu alipofariki, yeye kwa wiki nyingi alikua akimaliza kupika ajikuta ameshika sahani tatu mkononi na nyumbani wako wawili. Ile ya tatu alikua hairudishi kabatini mbele ya mamangu, alikua aiosha kwanza, ili ionekane aliitoa kwa sababu ilikua na vumbi.

Nimekaa na hiyo sahani ya tatu siku kumi sasa. Babu nilimjua kwa picha moja tu ukutani, na watu wengi wamenieleza alikua mtu mzuri, mchamungu, mkarimu, na sijawahi kumlilia. Ile sahani ilinitoa machozi pale pale kibarazani. Kwenye hadithi yote hakuna mtu aliyelia, wala nyanya mwenyewe hakulia akinieleza. Mimi ndo nililia, manake nafasi ya kulia ilikua imeachwa wazi.

Fikirieni matangani. Yule anayelia kwa kelele watu humshika mkono, humpa maji, hushughulika naye, na ni haki yake. Lakini mara ngapi umejikaza siku nzima alafu ukavunjika jioni kwa sababu umemuona mjane ahesabu vikombe vya wageni, avipanga, avihesabu tena? Mimi nilikua nimeandika mhusika anayelia kwa niaba ya kila mtu. Akamaliza machozi yote yeye. Msomaji akabaki ana kazi gani?

Nimeandika upya. Hii hapa:

*"Usiku wa tatu Mwanakombo alipika changu wa kupaka. Akapakua wali, kichwa akakilaza juu, upande ule wa sahani ambao Shee huanzia. Akafinika. Mama Rehema jirani alikua pale pale jikoni. Akaiangalia kawa. Akafungua mdomo, alafu akainuka akaosha sufuria iliyokua ishaoshwa."*

Sijaituma bado. Nataka kwanza tujadili hapa manake wengi wenu mwaandika na wengine ni wasomaji wa siku nyingi. Mhusika gani aliwahi kukushika, na ni kitu gani hasa kilikushika?

#2 Ticha_Kisauni

Ndugu yangu asante kwa uzi huu. Mimi nasomesha fasihi sekondari na umenigusa mahali ambapo nimekua nikifikiria muda mrefu. Hii shida ya "uchungu usio na kifani" tumeifundisha sisi walimu. Mtoto akiandika insha machozi yatiririke njia mbili mbili twampa tiki. Alafu kwa maswali ya riwaya twamwambia "taja sifa za mhusika", naye ajibu ni mkarimu, ni mwenye bidii, ni mvumilivu, kila sifa na ushahidi wake, apate alama. Akikua akitaka kuandika hadithi yake aanza na ile orodha. Aandika mtu mvumilivu. Lakini msomaji huwezi kumpenda mtu kwa kuambiwa ni mvumilivu, kama vile huwezi kumuozesha binti yako kwa kusomewa sifa kwenye karatasi.

Darasani twasema kuna wahusika bapa na wahusika duara, bapa ni wa upande mmoja tu na duara ni yule mwenye pande nyingi, abadilika, akushangaza. Maelezo ni sawa lakini hayamsaidii mtu aliyeshika kalamu. Sahani ya nyanya yako imenieleza zaidi kuliko nilivyoeleza mimi miaka kadhaa. Yule mama ana huzuni, na wakati huo huo ana heshima ya kutotaka mwanawe aone, na ana ujanja mdogo wa kusingizia vumbi. Pande tatu kwa tendo moja.

Hapa nataka kukupinga kidogo tu. Wewe wasema kama vile msiba haufanyi kazi. Msiba wafanya kazi. Mgiriki Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alisema huruma hutujia tukimuona mtu apatwa na balaa asilostahili, na hofu hutujia tukimuona aliyepatwa ni mtu kama sisi. Yale mambo mawili hayajazeeka. Shee kufa ni balaa asilostahili, sawa. Ila sehemu ya 9 ilivyokua, Mwanakombo hakua mtu kama sisi, alikua mtu wa kwenye insha. Kawa ndo iliyomleta kwetu. Kawa kila mtu anayo nyumbani ama alikua nayo kwa nyanya yake.

#3 MwanaMajengo (mwenye uzi)

Ticha nakubali, tena hiyo ya "mtu kama sisi" naona ndo kiini. Lakini nataka kuongeza kitu hapo manake wengi huielewa vibaya. Mtu kama sisi haimaanishi lazima awe wa mtaa wetu ama wa kazi yetu. Mimi nimesoma hadithi za watu wa nchi za barafu ambao sijui hata nguo zao zinafungwaje, na wakanishika. Kinachotuunganisha ni ile hali ya kutaka kitu na kukifanyia hesabu ndogo ndogo. Mtu anayeficha noti ya mia mbili ndani ya Qurani ili asiitumie kabla ya karo. Anayepiga simu akakata kabla haijalia. Anayekuja mapema kwenye kivuko cha Likoni akaacha feri mbili zipite kwa sababu akifika ng'ambo itabidi aseme aliyotumwa kusema. Hapo sihitaji kujua jina lake wala umri wake. Nishakua naye, nataka kujua akipanda ya tatu itakuaje.

Na ndo nikarudi kuangalia sehemu ya 1 mpaka ya 8 za hadithi yangu. Nikagundua kwamba Mwanakombo hakutaka kitu chochote. Wallahi sehemu nane nzima yule mama apika, asalimia, avumilia, angojea mimi nimletee msiba. Msomaji hakua na sababu ya kuwa upande wake manake hakukua na upande. Nikimpa kitu kidogo tu, tuseme ataka sana Shee aache bahari akachukue kazi ya mlinzi kule Bamburi, na wameligombania hilo, na asubuhi ya mwisho hakumfungulia mlango kwa hasira, bas, sasa ile sahani chini ya kawa ina maneno ndani yake.

#4 Nahodha_Timbwani

Salaam. Mimi si mwandishi, mimi nimevua miaka mingi na sasa nina kisehemu cha kutengeneza mashua. Hadithi yako naisoma tangu ya kwanza, mwanangu hunitumia. Nitakwambia kwa nini mimi sikulia sehemu ya 9, na usinichukulie vibaya mwanangu.

Umesema ilikua Januari, bahari imechafuka, mawimbi kama nyumba. Sisi huku Januari ni upepo wa kaskazi, ndo wakati wetu wa kutoka nje mbali, bahari huwa afadhali. Bahari mbaya ni ya kusi, kuanzia kama Aprili, wengi wetu hapo hubaki ndani ya mwamba ama mashua zapandishwa juu zatengenezwa. Sisemi hatufi Januari, twafa wakati wowote Mungu akipenda. Lakini wewe hukusema ni ajabu, ulisema kama jambo la kawaida, na mimi pale pale nikajua huyu hajawahi kutoka na mashua. Tangu hapo nikawa sisomi ya Shee, nasoma ya mtu anayebuni.

La pili. Umeandika kesho yake wanawake wakaja wakamuingiza Mwanakombo eda. Maiti iko wapi? Mtu kapotelea baharini, maiti haijaonekana, mke haingii eda ya miezi minne na siku kumi kwa maneno ya majirani. Jambo kama hilo hupelekwa kwa mashekhe ama kwa kadhi likaangaliwe. Nimewaona wanawake wa hapa wakikaa katikati, si mke si mjane, watu hawajui wamwambie pole ama wamwambie atakuja. Hiyo ndo ilikua hadithi, na wewe umeiruka.

Umeniuliza kilichonishika mimi ni nini. Ni pale sehemu ya 4 ulipoandika Shee hutia mkono majini kabla ya kupanda, kila siku, hata akichelewa. Babangu alikua hivo hivo na hakutuambia kwa nini.

#5 BintiTudor

Nahodha umenimaliza na hiyo ya "si mke si mjane".

MwanaMajengo mimi nina mawili, moja ni zawadi na moja ni swali.

Zawadi. Mwanakombo mpe leso. Shee alimnunulia leso mjini kabla ya kutoka, na wote twajua leso huja mbili zimeungana, lazima ukate na upinde ndo uvae. Muache hajaikata. Eti alikua amngojea Shee ampelekee kwa fundi. Sasa iko pale kwenye kamba chumbani, imekunjwa, jina, yale maneno yalioandikwa juu yake, laonekana nusu tu. Usituambie jina lote. Kila mtu akiingia kumtembelea aisoma ile nusu, na yeye hamalizii. Siku atakapoikata mimi nitalia, hata ukisema tu "aliomba mkasi". Usieke neno lingine hapo nakuomba.

Swali sasa. Mimi naandika hadithi ya mwenye nyumba kule Mishomoroni, mtu mbaya kabisa, awafukuza wapangaji usiku wa mvua, atoa vitu nje, ana maneno ya kuudhi. Nataka wasomaji wamchukie lakini pia wawe naye, wasimfunge kwenye boksi. Nikimpa historia ya utotoni kwamba alipigwa na babake, kila mtu ameshaifanya hiyo, na mimi mwenyewe nikiisoma naona kama naambiwa nimsamehe kwa lazima. Nifanyeje?

#6 MwanaMajengo (mwenye uzi)

Nahodha, baba, shukran sana. Nimesoma komenti yako mara tatu. Sehemu ya 9 naivunja yote, Shee atatoka mwezi wa Mei watu wakimkataza, na eda naitoa. Nitakuja Timbwani nikuulize mambo ya mashua kama utaniruhusu. Na hii kila mwandishi aiandike mahali: ukikosea kitu cha maisha ya watu, yule anayeyajua maisha hayo anatoka kwenye hadithi kimya kimya, haandiki hata komenti, na yeye ndo alikua msomaji wako wa karibu zaidi.

BintiTudor leso nimeichukua na nitakutaja kwenye grupu.

Kuhusu mwenye nyumba wako. Nakubaliana nawe hiyo ya kupigwa na babake iache. Maelezo ya nyuma humfanya mtu aeleweke, na kueleweka ni kitu kingine, jirani yangu namuelewa vizuri sana na simpendi. Jaribu hivi, muonyeshe akifanya kitu kimoja kwa ustadi na upole ambao hamfanyii mpangaji yeyote. Tuseme babake huyo mzee yuko hai, amepooza upande, na kila asubuhi kabla ya kwenda kugonga milango ya watu amnyoa ndevu. Andika jinsi anavyolivuta shavu kwa kidole gumba ili wembe usikate kwenye mikunjo. Andika anavyoupasha moto wembe kwenye kikombe cha maji kwa sababu mzee hapendi chuma baridi. Usiseme "hata hivyo alikua na moyo". Alafu akitoka hapo na mikono ingali yanukia sabuni, agonge mlango wa yule mama mjamzito amwambie una mpaka saa kumi. Msomaji atakua amekasirika mara mbili, na hataweza kumuacha.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeligusa ni mdomo wa wahusika wetu. Mama wa Majengo kwenye hadithi zetu asema "Mwanangu, je, umekwisha kula chakula cha jioni?" Nani huzungumza hivo huku? Mamangu mimi asema "Ushakula?" Na hilo neno moja lina kila kitu, nimekukumbuka, mbona umechelewa, nimekusamehe ile ya asubuhi. Sijawahi kusikia mamangu aniambia "nakupenda" maisha yangu yote na sijawahi kulihitaji. Ukimuandika mama wa Mombasa asema "nakupenda sana mwanangu" kila ukurasa, umemkopa mama wa filamu ukamvisha buibui. Kiswahili sanifu nakiheshimu, msimulizi akitumie, lakini mhusika akifungua mdomo atoke na mdomo wa kwao. Ukimsikia mtu asema "yuwaja" ama "siwezi mie" ushajua alipokaa, na ushaanza kumsogelea kabla hajafanya lolote.

Na hii ya kumsogeza msomaji si mpya kwetu. Mshairi Mwana Kupona wa kule Siu na Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Watu wengi wakumbuka ule utendi kwa nasaha za mke na mume, lakini tizameni anavyouanza. Mama mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, amuita binti aje karibu, akae mbele yake na wino na karatasi, kwamba moyoni ana jambo la kumwambia. Kabla ya nasaha hata moja ushajua ni mgonjwa, ushajua aogopa wakati usimpite, na ushakaa pale na karatasi yako. Kama angeanza na nasaha moja kwa moja ingekua ni orodha. Mimi nikiusoma, kila nikifika kwa wino na karatasi naona kama ni mimi niliyeitwa.

#7 Ticha_Kisauni

Hapo kwa Mwana Kupona nitaanza nao muhula ujao inshallah, badala ya kuanza na vina na mizani.

Naongeza kidogo kwa hilo la kutolia. Mrusi Anton Chekhov, aliyekua daktari na mwandishi pamoja, mwaka 1892 alimwandikia barua mwandishi mwenzake Lidia Avilova akimshauri kwamba akitaka msomaji amhurumie mtu mwenye shida, basi yeye mwandishi awe baridi zaidi, manake ule ubaridi ndo huipa huzuni ya watu mahali pa kuegemea ionekane. Mtu akisikia "baridi" afikiri ni kutojali. Huyu alikua daktari, amekaa na wagonjwa. Daktari akilia kabla yako wewe mgonjwa utafanya nini?

Na kuhusu hadithi za sehemu sehemu, muda wafanya kazi yake pia. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alikua akitoa hadithi kila wiki, na kabla ya kifo cha Nell, msichana wa kwenye hadithi yake moja, mwaka 1841 wasomaji walimwandikia barua wakimuomba asimuue. Walikua wamekaa na yule mtoto wiki baada ya wiki. Kwaivo MwanaMajengo usiharakishe. Ile kawa ikitokea mara moja ni picha. Ikitokea sehemu ya 2 Shee arudi aifinua afurahi, sehemu ya 5 achelewa akute chakula kimepoa, sehemu ya 7 wamegombana na hakuna sahani, basi ikifika sehemu ya 9 huhitaji kueleza chochote.

#8 Msomaji_Doha

Hodi. Mimi ni mmoja wa wale wa "usiku wakishamaliza kazi za watu". Huwa siandiki komenti, nasoma nikilala.

Nataka kusema kwamba kutoandika si kutohisi. Niko huku mwaka wa nne. Ile sehemu ya 9 kweli haikunigusa, nilipita. Lakini sehemu ya 6, ile ambayo nyote hamjaitaja, Mwanakombo akipiga mahamri asubuhi alfajiri na anahesabu kwa sauti ya chini ili asimuamshe mtoto, nilieka simu juu ya kifua nikatizama dari mpaka nikachelewa kulala. Mamangu huhesabu hivo hivo. Hata sasa akinipigia simu asubuhi namsikia ahesabu huku aniuliza "ushakula?", na mimi huwa namwambia nishakula hata kama bado.

Kwaivo ombi langu kwako ni moja, usianze sasa kutafuta kila mahali pa kutufanya tulie. Tukishajua kwamba kila sehemu kuna sahani imeekwa ili tulie tutaanza kuziona zikija kutoka mbali. Hapo kwa mahamri hukukusudia kitu. Ulikua tu wamtizama yule mama vizuri.

Na mimi nataka acheke pia. Mtu nikishamuona acheka na mumewe kwa jambo la kipuuzi, siku akikosa wa kucheka naye mimi ndo nitajua amepoteza nini. Hadithi zetu zina vilio vingi na wanandoa hawachekeshani hata mara moja.

#9 Nahodha_Timbwani

Binti wa Doha Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko uliko, umesema kweli. Mke wangu alikua akinicheka kwa sababu mimi baharini sitapiki lakini kwenye tuktuk natapika. Akinicheka mbele ya watu. Amefariki mwaka juzi. Nikipanda tuktuk sasa nafunga macho.

Mwanangu MwanaMajengo njoo Jumamosi, uliza fundi wa mashua watakuonyesha.

#10 MwanaMajengo (mwenye uzi)

Nilikwenda. Nahodha alinieka juu ya mashua iliyopandishwa, kusi imeanza kuvuma, akanionyesha mahali mtu hukaa usiku akiwa peke yake zamu yake na wenzake wamelala, ni mahali padogo sana, magoti yagusa kifua. Nilikua nimeandika Shee "amesimama kishujaa kwenye tezi". Hapana pa kusimama hapo nyuma ya mashua. Akanionyesha pia pale ambapo mbao zimelainika kwa kushikwa, mahali pamoja tu, upande wa kulia, na akasema kila mashua ina pake, kulingana na mwenyewe hushika wapi. Niliigusa. Sehemu ya 3 itakua na hiyo mbao, na Mwanakombo ataijua, manake viganja vya mumewe atavijua.

Tuktuk ya Nahodha nimemuomba ruhusa, amenipa, Shee ndo atakua hatapiki baharini lakini atapika kwenye tuktuk, na Mwanakombo amcheka mpaka ashika ukuta. Doha, hiyo ni yako na yake.

Jana nikamsomea nyanya tena, kuanzia sehemu ya 1 mpya mpaka usiku wa tatu, karibu masaa mawili, adhana ya magharibi ikatukuta. Hakua na mchele mara hii, alikua amekaa tu mikono mapajani. Nilipofika pale kichwa cha changu kimelazwa upande wa sahani ambao Shee huanzia, akatikisa kichwa polepole akasema "Enhe." Pale kwa mama Rehema na sufuria hakusema kitu, akavuta leso yake akajifuta, kisha akanyamaza muda, mimi pia nikanyamaza.

Alafu akaniuliza, "Na asubuhi, ile sahani huila nani?"

Sikua nimefikiria hilo. Sehemu ya 10 natuma Alhamisi baada ya isha inshallah, yaanza alfajiri, Mwanakombo yuwaifinua kawa na mtoto ashaamka.